Kilo Zilizoondoka Zenyewe

Siku ya kupima uzito kabla ya pambano la ubingwa, mizani ilinifanyia wema ambao haikuwahi kunifanyia. Miaka yote nilikuwa naipanda kama kitu kilichosahauliwa kwenye tanuri, midomo imepasuka, ulimi umekauka, nimeshinda natema mate kwenye chupa ili nipunguze hata gramu. Safari hii nilipanda nikiwa nimekunywa chai na vitumbua, na bado nilikuwa chini ya kiwango. Kocha Shomari alipiga makofi. Akawageukia wapiganaji wengine wa jimu letu, akasema, "Mmeona? Huyu kilo zinamwogopa."

Kilo hazikuwa zinaniogopa. Zilikuwa zinaondoka zenyewe, kama wapangaji wanaojua nyumba ina tatizo. Kesho yake nilishinda mkanda wa taifa wa mapigano mchanganyiko, uzito wa unyoya, nikiwa na kifua kikuu kwenye pafu la kulia. Hakuna aliyejua, na mimi nilikuwa wa kwanza kutojua.

Naandika haya nikiwa nimeshamaliza dawa. Nayaandika kwa ajili yako uliyekaa sasa hivi kwenye benchi la kliniki, barakoa inakuchuna nyuma ya masikio. Habari za vijidudu sitakueleza. Zipo kwenye bango ukutani mbele yako, na kwa kukosa cha kufanya umeshalikariri. Nitakueleza ambayo bango haliyasemi.

Naitwa Salha. Mtaani wananiita Kabali, kwa sababu mapambano yangu mengi nimeyamaliza kwa kumkaba mtu shingo mpaka agonge, yaani apige kofi mkekani kuomba aachiwe. Baba yangu, ambaye tunamwita Aba, ana duka la mapazia na mashuka Kariakoo. Babu wa babu yake alitoka Arabuni. Mtaani wanatuita Waarabu, na Waarabu wenyewe wakitusikia tunavyoongea wanatuita Waswahili. Nilisoma takwimu chuo kikuu, nikarudi na shahada na tabia ya kuuliza "Umejuaje?" kila mtu anapofungua mdomo. Mama alisema afadhali ningerudi na mume. Aba yeye mchezo wangu hakuwahi kuutaja kwa jina. Alisema "mambo yako yale", huku anakunja shuka.

Jimu letu liko ghorofani, juu ya ghala la magodoro, kwenye kichochoro kinachotokea Mtaa wa Msimbazi. Lina madirisha makubwa upande mzima wa barabara, na wakati ule yote yalikuwa yamezibwa kwa maboksi na selotepu. Kocha aliyaziba kwa mkono wake. Mpiganaji anayetaka kushuka uzito anatafuta jasho, na dirisha likiwa wazi, alisema, upepo unakuibia jasho lako. Basi tulivaa masweta, juu yake makoti ya mvua, tukaruka kamba chini ya taa moja mpaka mvuke wetu ukapanda darini na kuturudia kwa matone. Tulijivunia. Majimu mengine yalikuwa na mashine, sisi tulikuwa na joto. Kazi hiyo tuliiita kukata kilo, na neno hilo ndilo lilikuwa salamu yetu. Umekata? Bado kukata? Fulani bwana, hajui kukata.

Watu wakiuona mchezo wetu kwenye simu wanaona ngumi na mateke. Sehemu kubwa ni kulaliana. Shavu kwa shavu, kifua kwa kifua, mnagombania mkono mmoja muda mrefu huku mnapumuliana puani. Mwenzangu katika hilo alikuwa Mwanaidi, msichana wa Magomeni anayeuza viatu vya mitumba Ilala. Uzito wangu, umri wangu, mdomo kunishinda. Pumzi ya Mwanaidi naijua kuliko ya mama yangu mzazi.

Nilianza kukohoa wakati wa kipupwe. Kocha alisema ni vumbi la mkeka. Shangazi Zuwena, dada yake Aba, aliyaona mabega yangu yamechongoka akasema ni jicho. Mtoto wa kike hawezi kubandikwa sura yake kwenye kuta za Kariakoo nzima halafu asipate jicho. Mimi niliyesoma nilikuwa na jibu langu la kisomi. Nimeongeza mazoezi, uzito umeshuka, kwa hiyo mazoezi ndiyo yameshusha uzito. Kosa hilo wanakuonya nalo mwaka wa kwanza, na unalifanyia mtihani. Shuka likilowa usiku nilisema mwili umeshazoea kutoa jasho. Kila mtu alikuwa na maelezo yake, na kila maelezo yalimtosha mwenyewe.

Pambano silisimulii sana, lipo mtandaoni. Raundi ya mwisho nilimfunga mpinzani kabali, akagonga, nami nikabaki chali mkekani. Ukiiangalia video utamsikia mtangazaji anasema bingwa amezidiwa na furaha. Nilikuwa natafuta hewa. Nilipoinuka nikatema damu kwenye ndoo, na hakuna aliyeshtuka. Kwa watu wa kazi yetu, damu mdomoni si habari.

Vuli ikaingia. Kariakoo ikawa matope na miavuli, na mimi nikawa nashinda dukani, napumzika kama bingwa anavyostahili kupumzika. Asubuhi moja nilikohoa nyuma ya majora ya mapazia, damu ikatoka, mbichi, nyekundu. Nikapitisha ulimi kwenye fizi zote. Nikakagua midomo kwenye kioo cha simu. Hapakuwa na jeraha. Tangu pambano liishe hakuna mtu aliyenigusa hata kwa kidole. Damu bila ngumi. Nikaketi juu ya jora moja, nikajiuliza swali langu mwenyewe: Salha, umejuaje kama wewe ni mzima?

Sikuwa najua. Nikaenda.

Benchi la kliniki lilikuwa nje chini ya bati, pande zote wazi, mvua inaturushia miguuni. Nilikasirika kuona wagonjwa wamewekwa nje kama mizigo, nikamwambia hivyo muuguzi aliyekuwa anagawa barakoa, Sista Agripina.

"Humu ndani ukikohoa, tunakunywa sote," alisema. "Hapo nje upepo unabeba. Kaa kwenye upepo, mama."

Mzee aliyekaa pembeni yangu alinitazama kwa muda.

"Wewe si Kabali?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kumwona nani?"

"Nimekuja kujiona mwenyewe."

Akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka mpaka nikakohoa, na Sista akatufokea wote wawili tuvute barakoa juu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu nione ile damu. Uking'ang'ania benchi hilo kwa hasira, kama mimi, muda hauendi. Ongea na wa pembeni.

Walinipa kikopo, wakanielekeza nyuma ya ukuta. Nikarudi nacho. Sista akakiinua kwenye mwanga.

"Haya ni mate. Nataka makohozi. Mate kamtemee adui yako."

Nikarudi nyuma ya ukuta, nikakohoa kutoka kule chini ambako sikujua kuna kina. Majibu yalipotoka nilimuuliza kipimo hicho kinakosea mara ngapi.

"Kinakosea," alisema. "Ila wewe unatema damu, unaloweka shuka na umebaki mifupa. Unataka kikosee nini tena?"

Halafu akaniuliza jambo lililonisumbua kuliko ugonjwa. Nyumbani kwenu, ni nani asiyesahau? Mtu huyo atasimama kila siku anitazame nikimeza vidonge. Nilimfikiria Mama, lakini Mama angesimama akilia. Asiyesahau nyumbani kwetu ni Aba. Anakumbuka bei ya mashuka ya kabla sijazaliwa. Mtu ambaye hakuwahi kutaka kunitazama nikipigana, ndiye niliyempa kazi ya kunitazama nikimeza.

Tulifanya hivyo baada ya sala ya alfajiri, jikoni, kabla hajaenda kufungua duka. Alishika glasi ya maji. Vidonge vilikuwa vikubwa, vyekundu kama matofali.

"Fungua mdomo."

"Aba, mimi si mtoto."

"Fungua nione. Inua ulimi."

Nikainua. Akatazama kwa makini, kama anakagua mshono wa pazia. Kisha akaenda zake. Siku za mwanzo hakuongeza neno.

Ukianza dawa, usishtuke ukienda msalani. Mkojo unatoka rangi ya chungwa, na machozi pia, na jasho linaacha doa kwenye dera jeupe. Nyayo zilinichoma kama nimekanyaga upupu. Magoti yaliuma. Nilitapika nikimsikia mtu anakaanga samaki nyumba ya tatu. Mabega niliyoyajenga kwa miaka yalitelemka, mapaja yakalegea, na nilipojitazama kwenye kioo cha kabati nilikuta kitu kimoja tu cha bingwa kimebaki: masikio yaliyovimba na kukunjamana kwa kusuguliwa mkekani. Nilisimama pale nikauambia ugonjwa, haya, hata hayo njoo uyachukue.

Mama alinifungia uzi mwekundu kwenye kikombe changu ili kisichanganywe. Nilimweleza kwamba ugonjwa huu unapita hewani, haupiti kwenye vikombe. Akasema sawa. Uzi ukabaki. Majirani wakiuliza aliwaambia nina nimonia.

"Nimonia haina miezi sita, Mama."

"Wewe unataka watu waseme nini? Duka hili linalisha nani?"

Hofu yake haikuwa ya bure. Walikuwepo wateja waliosimama mlangoni wakauliza bei kutoka nje. Shangazi Zuwena alileta kombe, maandishi ya aya yaliyooshwa kwa maji, nikalinywa bila kubisha. Nilikuwa nimechoka kubisha, na yeye alikuwa ametoka nalo Ilala kwa miguu, amelishika kwa mikono miwili lisimwagike.

Jambo moja la kliniki lilinigeuza kichwa. Kila nilipokwenda walinipima uzito, kwa sababu vidonge vinatolewa kufuata kilo. Kilo moja ilipoongezeka Sista alipiga makofi. Nilisimama juu ya mizani ile kama mtu aliyesikia lugha ya kigeni. Maisha yangu yote ya utu uzima, makofi yalikuwa ya kushuka. "Tena," Sista alisema, "kale ugali, urudi na nyingine."

Baada ya majuma ya mwanzo aliniambia siambukizi tena. Akasema pia kwamba Aba na Mama walioleta makohozi yao wako salama, na akauliza nani mwingine nimekuwa nikipumua naye karibu, ndani ya chumba kilichofungwa, kwa muda mrefu.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Jioni hiyohiyo mwandaaji wa mapambano alinipigia. Mkanda unatakiwa utetewe, watu wanauliza, na Mwanaidi ndiye anayefuata kwenye foleni. Nilimwambia ninaumwa nini. Sauti yake ikawa tamu.

"Sikiliza, dada'ngu. Wewe sema goti."

"Goti langu zima."

"Goti lina heshima. Kila bingwa ana goti. Ukisema goti, mkanda tunakushikia mpaka upone. Ukisema kifua, nani atakubali kukumbatiana na wewe ndani ya kizimba cha mapambano? Wadhamini watanikimbia."

Kocha Shomari naye akapiga. "Goti, Salha. Usituvunjie jimu."

Nilikaa na neno hilo goti siku kadhaa. Ningelisema, ubingwa ungenisubiri na Mama angelala usingizi. Lakini hakuna mtu anayekwenda kupimwa makohozi kwa sababu rafiki yake ameumia goti. Kisha nikaona picha Mwanaidi aliyoituma kwenye kundi letu la simu, amesimama juu ya mizani, mashavu yameingia ndani, vidole viwili hewani. Chini yake Kocha ameandika: *Na huyu kilo zimeanza kumwogopa.*

Nikapanda ngazi za jimu. Zamani nilizipanda kwa kuruka. Siku hiyo nilipumzika katikati, nikiwa nimeshika ukuta, na wabeba magodoro wa chini wakanipita wakisema pole dada. Ndani walikuwa kwenye makoti ya mvua, kamba zinavuma. Hewa ilinipiga usoni, nzito, ya moto, ya mdomoni kwa mtu. Niliwahi kuipenda hewa ile.

"Kabali huyo!" Mwanaidi aliita. "Mambo? Goti vipi?"

Kumbe goti lilikuwa limeshatangulia kabla yangu.

"Poa. Goti zima. Nina kifua kikuu."

Kamba zikasimama. Kocha akaja mbio na taulo begani. "Salha, tuongee nje."

"Shikamoo, Kocha. Nimeambiwa siambukizi tena, kwa hiyo naongea humuhumu. Mwanaidi, umeshuka kilo ngapi?"

"Za kutosha."

"Umezikataje?"

"Si mazoezi."

"Umeacha kula?"

"Nakula kama mchwa, bana. Ndiyo raha yake. Nakula na zinakatika."

"Zinakatika," nikasema. "Sikiliza unavyoongea. Mimi nilisema hivyohivyo. Kukata ni kazi ya mtu. Unakata, inauma, unajua umekata. Zangu zilikatwa. Mkataji nilikuwa simjui. Unakohoa?"

"Vumbi hili."

"Tangu lini?"

Akanitazama kwa jicho baya. Namjua Mwanaidi, akitazama hivyo ujue teke linakuja.

"Ahaa. Nimekuelewa. Mkanda mimi ndiye ninayefuata. Unataka nikapimwe, niwekwe benchi, mkanda ukae unakungoja. Msomi wewe! Una wivu mpaka kwenye mapafu."

Wakacheka. Hata mimi ilinichekesha, ila nilikuwa nimejiandaa. Asubuhi hiyo, kabla sijatoka dukani, nilikuwa nimeandika kwenye ukurasa wangu kwamba naumwa kifua kikuu, kwamba mkanda nauachia, na kwamba yeyote aliyefanya mazoezi nami aende akapimwe. Nikawaambia wafungue simu zao.

Wakazitoa, wakasoma. Mwanaidi alikuwa wa mwisho kuinua kichwa.

"Umeuachia?"

"Mkanda uko wazi. Sina cha kulinda. Sasa niambie tena nina wivu wa nini."

Kocha aliketi kwenye tairi tunalolipiga nyundo. "Umeniua," alisema taratibu. "Mzazi gani ataleta mtoto wake hapa?"

Nilimheshimu na bado namheshimu. Alinipokea wakati majimu mengine yaliniuliza kama baba yangu anajua. Lakini nilikwenda dirishani, nikashika pembe ya boksi, nikavuta. Selotepu ya miaka ilitoka na rangi ya ukuta. Nikavuta la pili. Nikaishiwa pumzi, nikainama na mikono magotini, na kelele za Msimbazi zikaingia zote kwa pamoja, honi, mkokoteni, mtu ananadi soksi. Hakuna aliyekuja kunisaidia. Hakuna aliyekuja kunizuia pia. Mwanaidi alichukua begi lake akaondoka bila kuaga.

Majibu ya mtandaoni yalikuwa kama ya mtandaoni. Wengine waliniombea, mmoja akasema nilipewa ubingwa kwa sababu wapinzani walikuwa wananikimbia pumzi. Mama hakusema nami siku nzima. Aba alifungua duka kama kawaida. Asubuhi iliyofuata, baada ya "inua ulimi", alibaki amesimama na glasi.

"Hiyo kabali," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza nisikie neno hilo kinywani mwake. "Mtu akishikwa, anasikiaje?"

"Hewa ipo, Aba, ila haifiki. Unaiona, haiji."

"Na atoke vipi?"

"Kwanza asione aibu kwamba ameshikwa."

Akaosha glasi, akaifunika, akaenda dukani.

Siku yangu ya kuchukua dawa ilipofika, nilikuwa nimekaa kliniki kwenye upepo wangu, mara mtu akanisukuma kwa nyonga.

"Sogea, Kabali. Benchi la baba yako hili?"

Mwanaidi. Nyuma yake Kocha Shomari, na nyuma ya Kocha jimu zima na makoti ya mazoezi, wamejipanga kama wamekuja kupima uzito. Nilisogea.

"Usifikiri umenishawishi," aliniambia. "Jana nimetema damu, na hakuna aliyenipiga."

Sista Agripina aliwagawia vikopo, na alipofika kwa Kocha, Kocha akauliza kama kuna kikubwa zaidi. Majibu yalipotoka, Kocha alikuwa mzima, wengine wote wazima. Mwanaidi alikuwa na ugonjwa, ila ulikuwa haujamla kama ulivyonila mimi. Alilia machozi ya kawaida, na nilimwambia ayafaidi, kwa sababu ya wiki ijayo yatakuwa ya rangi ya chungwa. Akanipiga ngumi ya bega. Bega liliuma siku mbili, na sikuwahi kufurahia ngumi kama ile.

Ramadhani ilinikuta katikati ya dawa. Mgonjwa hafungi, hilo halina ubishi, lakini kula mchana Kariakoo ukiwa binti wa duka si jambo jepesi. Aba, mwenyewe amefunga, alinivutia pazia moja la maonyesho nyuma ya duka, akanimenyea chungwa, akaniwekea kwenye sahani. Mteja akauliza kulikoni pazia hilo limefungwa. "Hilo limeuzwa," Aba alisema.

Nilimaliza vidonge masika yakiwa yanaishia. Makohozi safi. Daktari alinionyesha picha ya kifua: juu kulia pana kovu, kama kona ya pazia iliyoguswa na pasi. Nilimuuliza kuhusu kurudi kizimbani kupigana. Akasema, "Tutaona." Nimelichunguza neno hilo. Halina kipimo, halina tarehe, na sijaambiwa nani hasa ndiye atakayeona. Kwa hiyo nimeamua ni mimi. Kila asubuhi napanda ngazi zile za jimu. Kwanza nilipumzika mara mbili, halafu mara moja, sasa sipumziki, ingawa nikifika juu sina la kusema na mtu.

Mwanaidi alimaliza baadaye, kipupwe. Kwa kuwa aliwahi, pafu lake halina hata alama. Waandishi wa michezo wakiniandika wanasema bingwa asiyewahi kutetea mkanda. Ni kweli, na mahesabu yao sina ubishi nayo. Ila jimu letu madirisha yako wazi, makoti ya mvua yamegawiwa kwa wabeba magodoro, na Kocha akimsikia mtu anakohoa anamfukuza kwa kelele mpaka alete karatasi ya kliniki. Watoto wamebaki. Wazazi wanapita chini, wanatazama juu, wanaona hewa inaingia. Anayetaka kujua nimeacha nini kwenye mchezo huu na apite barabarani.

Mkanda niliouachia ulichukuliwa na msichana wa Tanga. Vuli iliporudi, Mwanaidi alipigana naye. Nilikaa kwenye kona yake na ndoo na taulo, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Alimfunga kabali, ile yangu, na mkono wa kushoto ukiwa umekaa vibaya kama ninavyomkataza kila siku. Msichana wa Tanga akagonga.

Kesho yake asubuhi Mwanaidi alikuja dukani na mfuko wa plastiki, akautoa mkanda na kuuweka juu ya kaunta, kati ya mapazia mawili.

"Shikamoo, Aba."

"Marahaba, mwanangu."

"Salha, huu wako. Chukua. Bila wewe ningekuwa makaburini saa hizi."

Aba akavaa miwani. Aliushika mkanda, akaupindua, akausugua kwa kidole gumba kama anavyosugua kitambaa asichokiamini.

"Hii si ngozi," alisema. "Plastiki hii. Mnakabana shingo kwa ajili ya plastiki?"

Mwanaidi alicheka mpaka akaegemea majora. Hakukohoa. Nilisikiliza, sikusikia kikohozi chochote. Nikauchukua mkanda mkononi mwa Aba, nikamfunga Mwanaidi kiunoni, nikaukaza mpaka akaguna.

"Sitaki kupewa," nikamwambia. "Kaa nao. Nakuja kuuchukua."

"Daktari kasemaje?"

"Kasema tutaona."

"Na asipoona?"

"Nakuja vilevile."

"Njoo," Mwanaidi alisema, akiuweka sawa mkanda juu ya dera. "Ila ujue sikuachii hata hewa."